Kwa Nini Ng'ombe Walikufa na Babu Akapona: Kuelewa Potenshali na Uga wa Umeme



Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo macho huviona kuwa mbalimbali. Mwangaza unaopasua mawingu wakati wa mvua huitwa umeme, na kile kinachowasha taa sebuleni, kupasha pasi moto na kuchaji simu huitwa umeme pia. Hapa Kampala majirani zangu Waganda hutenganisha: masannyalaze ni ya nyaya, laddu ni ya mbinguni. Huko Ulaya ilibidi watu wangoje hadi mwaka 1752, majaribio aliyoyapendekeza Benjamin Franklin yalipofanywa Ufaransa, ndipo wakathibitisha kwamba radi na cheche za maabara ni kitu cha namna moja. Anayejifunza Kiswahili hupewa ukweli huo bure, ndani ya neno lenyewe.

Hata hivyo, neno jingine hutuponza. Tukitaka kueleza umeme unafanya nini, karibu kila mara tunakimbilia neno "nguvu". Tunasema nguvu ya betri, nguvu ya transfoma, nguvu ya radi, umeme wenye nguvu, umeme usio na nguvu. Neno moja limebebeshwa mizigo minne, na mizigo hiyo haifanani. Kuna kani, yaani msukumo au mvuto unaokipata kitu. Kuna nishati, yaani akiba ya kufanya kazi. Kuna mkondo, yaani wingi wa chaji zinazopita kwa kila sekunde. Na kuna potenshali, ambayo ndiyo kiini cha makala haya pamoja na mwenzake, uga wa umeme. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si wa fizikia. Lakini nimekuja kuona kwamba kuyachanganya maneno haya si kosa la sarufi tu. Kunaweza kumvunjia mtu heshima yake, na kunaweza kumwondolea uhai.

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha yenye kichwa "Tukio Nisilolisahau". Mmoja wao aliandika kuhusu babu yake. Jioni moja ya mvua, babu alikuwa akiswaga ng'ombe watatu kuelekea zizini. Radi ilipiga mvule uliosimama peke yake malishoni, hatua chache kutoka hapo walipokuwa. Ng'ombe wote watatu walianguka wakafa. Babu naye alianguka, akalala kidogo bila fahamu, akaamka, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Kabla ya wiki kwisha, majirani walikuwa wameshaulizana: ni mtu wa namna gani huyu ambaye radi inamruka na kuwaua wanyama walio kando yake? Jibu walilipata bila kwenda mbali. Insha ilimalizika kwa sentensi hii: "Tangu siku hiyo hakuna jirani anayekuja kunywa maji kwetu."

Upatanisho wa ngeli niliusahihisha. Lakini swali lililokuwa chini ya insha ile halikuwa la kujibiwa kwa kalamu nyekundu. Wala siwacheki majirani wale. Wazee wa Buganda walimtaja Kiwanuka kuwa lubaale wa radi, na mtu aliyeona ng'ombe watatu wakifa kwa kufumba na kufumbua ana haki ya kutaka maelezo. Kosa linaanza pale maelezo yanapomtafuta mtu wa kulaumiwa kabla ya kuutafuta ukweli. Niliipeleka insha kwa mwenzangu anayefundisha fizikia. Aliisoma mara mbili, akasema, "Mwalimu, hii ni hesabu, tena hesabu fupi. Shida ni kwamba naijua kwa Kiingereza." Basi tukakaa katika chumba cha walimu, yeye akitoa hesabu na mimi nikitafuta maneno. Haya ninayokuandikia ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na maji, kwa sababu kila mkazi wa Kampala anajua habari za maji. Maji mengi ya jiji hili husafishwa Ggaba, ukingoni mwa Ziwa Victoria, kisha husukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi yaliyo juu ya kilima cha Muyenga, ambacho wengi hukiita Tank Hill kwa sababu ya matangi hayo. Kuipandisha kila lita kilimani kunagharimu nishati. Lita ikishafika juu, nishati ile haikupotea. Imewekwa akiba katika kimo. Ukifungua bomba huko bondeni, akiba inatoka na maji yanateremka yenyewe.

Potenshali ya umeme ni kimo cha namna hiyo, ila badala ya maji tuna chaji. Potenshali ya mahali hutueleza kila kipimo cha chaji kilichopo hapo kina akiba kiasi gani ya nishati. Kipimo chake ni volti, jina lililotokana na Alessandro Volta, Mwitaliano aliyeitangaza betri yake mwaka 1800. Volti moja ni jouli moja ya nishati kwa kila kulombu moja ya chaji. Tukisema soketi ya nyumbani ina volti 240, maana yake ni kwamba kila kulombu inayopita katika pasi yako huacha humo jouli 240, nazo hugeuka kuwa joto.

Sasa angalia jambo ambalo watu wengi hulipita. Kilima cha Kololo kina urefu gani? Ukipima kutoka usawa wa bahari, kinazidi mita 1,300. Ukipima kutoka usawa wa Ziwa Victoria, lililo takriban mita 1,134 juu ya bahari, hakifiki hata mita 200. Kilima ni kilekile. Kimo hakina maana mpaka useme umepima kutoka wapi, na potenshali ni vivyo hivyo. Ndiyo maana kunguru hutua juu ya waya ulio uchi wa volti 11,000 na kuruka salama. Miguu yake yote miwili imekaa juu ya kimo kimoja, na baina ya mguu na mguu hakuna mteremko wa kuendesha mkondo. Lakini kaloli, yule korongo mkubwa anayetembea jalalani kama mkaguzi wa afya, ana mabawa mapana. Akigusa nyaya mbili kwa wakati mmoja, au waya na chuma cha nguzo, ameziunganisha sehemu mbili zenye potenshali tofauti, na mwili wake umekuwa njia. Kwa hiyo swali la kuuliza si "volti ni ngapi?" peke yake. Uliza: "tofauti ni kiasi gani, kati ya wapi na wapi?"

Baada ya kimo, tuje kwenye mteremko. Mwendesha boda boda anajua kwamba barabara mbili zinaweza kushuka kutoka kilele kimoja hadi bonde moja, moja ikiwa ndefu na ya taratibu, nyingine fupi na kali kiasi cha kuchoma breki. Tofauti ya kimo ni ileile, lakini ukali wa mteremko si uleule. Uga wa umeme ndio ukali huo wa mteremko: potenshali inashuka volti ngapi kwa kila mita moja. Ikishuka volti 100 ndani ya mita moja, uga ni mkubwa mara kumi kuliko ikishuka volti 100 ndani ya mita kumi. Uga una mwelekeo pia, nao huelekea upande ambako potenshali inapungua, kama maji yanavyoelekea bondeni. Uga ndio unaotuambia chaji itapata kani kiasi gani, na potenshali ndiyo inayotuambia chaji ina akiba gani ya nishati. Hapo ndipo "nguvu" yetu ya kila siku ilipoyafunika mambo mawili kwa shuka moja.

Neno uga lina asili nzuri. Katika Kiswahili uga ni mahali peupe mbele ya nyumba, ambapo watoto hucheza na ngoma hupigwa. Anayeingia ugani wakati ngoma imekolea hawezi kusimama kama alivyosimama barabarani, ijapokuwa hakuna aliyemshika mkono. Uga wa umeme ni nafasi ya namna hiyo. Hauonekani, lakini kila chaji inayoingia humo husukumwa au huvutwa.

Kama umewahi kusoma ramani katika somo la jiografia, unazijua kontua, mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Zinaposongamana, mlima ni mkali; zinapoachana, ardhi ni tambarare. Chora kontua za potenshali, nawe utauona uga kwa macho ya akili: palipo na msongamano wa mistari, uga ni mkubwa.

Tukiwa na maneno hayo mawili, tunaweza kulitazama wingu la mvua. Hata siku ya jua pana uga wa umeme hewani, takriban volti 100 kwa kila mita karibu na ardhi, nao hautudhuru kwa kuwa hewa ni kihami na karibu hakuna mkondo unaopita. Wingu la radi linapojijenga, sehemu yake ya chini kwa kawaida hujaa chaji hasi, na tofauti ya potenshali kati yake na ardhi hufikia makumi ya mamilioni ya volti au zaidi. Kontua zinabanana. Zinabanana zaidi penye ncha: juu ya mti ulio peke yake, mlingoti, au mchezaji aliyesimama katikati ya uwanja. Hewa kavu ya kawaida hushindwa kuhami uga unapokaribia volti milioni 3 kwa kila mita. Hapo hewa hugeuka kuwa njia, na radi hupita.

Lakini ng'ombe wale hawakuuawa na wingu, wala hawakuguswa na mti. Waliuawa na ardhi waliyoikanyaga. Radi ilipofika kwenye mvule, mkondo uliingia udongoni kupitia mizizi na kutawanyika pande zote. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, potenshali ya ardhi ilikuwa juu sana shinani na ikashuka kadiri unavyokwenda mbali. Malisho tambarare yaligeuka kilima kisichoonekana, mti ukiwa kileleni.

Hesabu ya mwenzangu ilikuwa hivi. Tuchukulie mkondo wa ampea 30,000, ambao ni wa kawaida kwa radi, na udongo wa wastani wenye ukinzani mahususi wa ohm-mita 100. Zidisha hizo mbili, kisha gawanya kwa mara mbili ya pai mara umbali kutoka shinani. Mita 10 kutoka kwenye mti, potenshali ya ardhi ni karibu volti 47,700. Nusu mita mbele, ni karibu volti 45,500. Mtu aliyepiga hatua ya nusu mita ana tofauti ya takriban volti 2,300 kati ya mguu mmoja na mwingine. Ng'ombe aliyeelekeza kichwa au mkia mtini ana mita moja na nusu kati ya kwato za mbele na za nyuma. Kwake tofauti ni takriban volti 6,200. Tena mkondo wa mtu hupanda mguu mmoja na kushuka mwingine, ukipita zaidi mapajani na nyongani. Wa ng'ombe hupita kifuani, ulipo moyo. Mtu aliyebana miguu, nyayo zikiwa sentimita 10 tu kutoka moja hadi nyingine, angepata chini ya volti 500. Na ukiwa mita 50 kutoka kwenye mti, hatua ya nusu mita haikupi hata volti 100.

Hesabu hii imerahisishwa, kwa sababu udongo wa kweli haufanani kila mahali na radi inaweza kumrukia mtu kutoka mtini kupitia hewani. Lakini inatosha kulijibu swali la kijiji. Babu alipona kwa sababu hatua ya binadamu ni fupi kuliko ya ng'ombe na moyo wake uko mbali na njia ya mkondo. Radi haikumchagua wala haikumruka. Mwanafunzi aliiomba ile karatasi, akaenda nayo likizo, akaisoma nyumbani kwa lugha ya kwao. Muhula uliofuata alinieleza kwamba jirani mmoja amerudi kunywa maji. Ni mmoja tu, lakini kabla ya hapo hapakuwa na yeyote.

Nakuandikia haya, msomaji wangu, kwa sababu Uganda iko katika ukanda wa Ziwa Victoria, mojawapo ya maeneo yenye radi nyingi duniani. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba hutukuta darasani, kanisani, msikitini, uwanjani na sokoni. Mwezi Juni 2011 radi iliipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, na kuwaua wanafunzi 18. Mwezi Agosti 2020, jijini Arua, watoto 10 waliokuwa wakicheza mpira waliingia kibandani kujikinga, na radi ikawaua humo. Mwezi Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek wilayani Lamwo, watu 14 waliokusanyika kwa ibada walikufa kwa radi. Katika visa hivi watu walikuwa pamoja, mahali walipopaamini.

Hapo ndipo elimu ya uga inapokuwa elimu ya uraia. Paa la mabati juu ya kuta za udongo si kinga, kwa sababu mkondo ukishafika kwenye bati unatafuta njia ya kushuka, na njia iliyo karibu inaweza kuwa mtoto aliyeketi chini yake. Kinga ya radi ya kweli ina sehemu tatu: fito za kuipokea radi juu ya paa, vipitishi vinene vya kuiteremsha nje ya ukuta, na fito au waya zilizozikwa za kuitawanya ardhini. Waya uliozikwa ukizungushwa jengo zima husawazisha potenshali ya ardhi, ili anayesimama ndani asiwe juu ya mteremko mkali. Hapa Kampala kuna mtandao uitwao ACLENet unaoshughulikia usalama dhidi ya radi barani Afrika, ikiwemo kuwekea shule kinga za namna hiyo. Nao mtu anayekata ukanda wa shaba wa kinga ya shule ili auuze kwa kilo, huenda anadhani ameiba chuma tu. Ameondoa njia ya kushukia, na kuiachia radi ijichagulie nyingine.

Elimu hiyohiyo hutufundisha jinsi ya kujihifadhi. Ukisikia ngurumo, radi iko karibu kiasi cha kukufikia. Acha mpira, ondoka uwanjani. Ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya umeme na ngurumo, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi. Ingia katika jengo imara lenye nyaya na mabomba, au ndani ya gari lililofungwa lenye bodi ya chuma. Hata kamunye inafaa, kwa kuwa chuma kilichokuzunguka huwa na potenshali takriban moja pande zote. Usijibanze chini ya mti wala kwenye kibanda. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ukikwama mahali peupe bila pa kukimbilia, bana miguu na usilale chini kamwe, kwa maana anayelala amejinyoosha juu ya mteremko kama ng'ombe.

Kanuni hiyo inahusu pia waya wa umeme ulioanguka barabarani, iwe umeangushwa na mvua au na wale fundi haramu ambao mtaani huitwa kamyufu. Usiusogelee hata kama hautoi cheche, kwa sababu ardhi inayouzunguka inaweza kuwa kilima cha potenshali. Ukijikuta umeshaukaribia, ondoka kwa kuburuta nyayo kidogo kidogo bila kuzitenganisha, kisha uwazuie wengine na uwaarifu UEDCL, shirika la serikali lililochukua usambazaji wa umeme mwezi Aprili 2025.

Na mtu aliyepigwa na radi haachi chaji mwilini ya kukudhuru. Chaji imekwisha kwenda ardhini. Mguse, mwite, na kama hapumui na moyo umesimama, anza kumbana kifua mara moja huku mwingine akitafuta msaada wa hospitali. Yuko aliyeachwa afe kwa sababu walio karibu waliogopa kumshika, na hofu hiyo haina msingi wowote katika fizikia.

Kabla hujafunga ukurasa huu, nakuachia kazi ya nyumbani. Katika mkutano ujao wa wazazi na walimu wa shule yako, nyoosha mkono na uulize maswali matatu. Je, majengo yetu yana kinga ya radi? Nani aliikagua mara ya mwisho, na lini? Je, waya wake bado umefika ardhini, au umekatwa? Uliza kwa Kiswahili, ukitumia maneno uliyojifunza leo, na ukiambiwa kwamba kinga ipo, omba uonyeshwe mahali inapoingia udongoni.